Mmea wa Saba wa Mama Mita

Mmea wa saba ulipokufa, Mama Mita hakuutupa kama alivyoitupa ile sita iliyoutangulia. Alitandika gazeti kuukuu juu ya meza ya kulia, akashika shina kwa vidole viwili, akaung'oa mzima mzima na udongo wake, kisha akavuta kiti na kukaa mbele yake kama mtu aliyeletewa mashine mbovu aifungue.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Mumewe, fundi wa mafriji, alikuwa anakunywa chai upande wa pili wa meza. Alisogeza kikombe chake mbali kidogo na udongo.

"Unatafuta nini humo?"

"Natafuta kilichouua."

"Si kiu? Mmea ukifa ni kiu. Una ugonjwa gani mwingine?"

Mama Mita aliinama karibu zaidi. Alikuwa amepangua udongo mpaka kwenye mizizi, na mizizi ilikuwa myeusi, imelegea kama tambi zilizosahauliwa sufuriani. Aliubana mmoja, ganda likabanduka lote likabaki mkononi mwake. Akanusa vidole. Vilinuka kidimbwi.

"Huu haukufa kwa kiu," alisema taratibu. "Huu umezama."

Fundi akacheka, akamalizia chai, akaenda zake kazini. Mama Mita alibaki pale mpaka gazeti likalowa. Kilichomshangaza ni kwamba yeye aliumwagilia Jumapili kwa Jumapili, kikombe kimoja, wala hakuwahi kuongeza hata tone. Maji mengine yalitoka wapi?

Swali hilo kwa mtu mwingine lingepita. Kwake halikupita, maana maji ndiyo yaliyokuwa yakimlisha. Miaka kumi na tisa alikuwa akizunguka nyumba kwa nyumba kusoma mita za maji, mfuko begani, tochi kiunoni na kitambaa cha kufutia vioo vilivyojaa matope. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Mtaani kila mtu alimwita Mama Mita, na yeye mwenyewe akiitwa kwa lile jingine alichelewa kugeuka. Katika kazi ile alijifunza jambo moja asilolitilia shaka: maji hayapotei. Yasipokuwa pale yanapotakiwa kuwa, yapo pengine, na mwenye subira atayaona.

Na mimea yenyewe hakuinunua kwa ajili ya pambo. Ilianza alipokuja mama mkwe.

Mama yake fundi alikuwa ameishi maisha yake yote kwenye nyumba ya chini, yenye uwanja nyuma, uwanja ambao haukupata kukaa wazi hata msimu mmoja. Alipoanguka akavunjika nyonga, mwanawe akasema basi, hawezi tena kukaa peke yake, akamleta ghorofa ya tatu. Walimpa chumba cha binti yao aliyekwenda mbali kusoma. Kilikuwa chumba kizuri, chenye kitanda kipya, ila dirisha lake lilitazamana na ubavu wa jengo la jirani: ukuta wa kijivu na mabomba matatu yanayoshuka. Siku ya tatu Mama Mita alimuuliza kama amelala vizuri.

"Nimelala vizuri, mwanangu," mama mkwe alisema. "Ila huku hakuna kitu kinachokua."

Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayetaja saa. Lakini maneno yale yalimkaa Mama Mita rohoni siku nzima, na jioni alirudi na chungu cha kwanza chini ya kwapa.

Alitaka mmea usio na makuu. Yeye alitoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kurudi jua limepungua, na fundi akirudi mapema ni bahati. Kila muuzaji aliyemwendea aliapa kuwa anao hasa huo. "Huu, mama, haufi. Hata ukiusahau." Wa kwanza ulikaa wiki tatu. Wa pili ulikuwa kangaga, ukanyauka mkono mmoja mmoja. Wa tatu ulikuwa mshubiri, ambao kila mtu alimwambia kuwa hata mawe yataanza kufa kabla yake. Mshubiri ukageuka maji, ukalala juu ya udongo wake kama mlevi. Watu kazini wakaanza kumtania kuwa mkono wake una sumu.

Sasa, baada ya ule uchunguzi wa mezani, Mama Mita aliamua kuuliza. Kuuliza si ujinga, na kama kuna mtu aliyeruhusiwa kuingia kila nyumba akaangalia kila dirisha, alikuwa yeye. Alianza Jumatatu iliyofuata. Akimaliza kusoma mita, badala ya kufunga kitabu, alinyoosha kidole: ule mmea una muda gani hapa? Nani anaumwagilia? Jua linaupata saa ngapi? Majibu aliyaandika nyuma ya kitabu chake cha kazi.

Watu walimshangaa kidogo, kisha wakafunguka kuliko walivyowahi kufunguka kuhusu maji. Mwalimu mmoja alimwambia mmea wake anausalimia. Mama mmoja alikiri kuwa wake aliununua siku aliyoachwa na mchumba, na umemshinda mchumba kwa kudumu. Kwenye ofisi ya mwanasheria alikuta pembeni mwa kabati mmea wa ajabu kwa uzuri wake, kijani kitupu, bila jani hata moja lenye kovu. Alimuuliza katibu siri yake ni nini.

"Kila Ijumaa naufuta vumbi," katibu alisema.

"Na maji?"

"Maji ya nini? Si wa plastiki huo."

Waliangaliana, wakacheka wote wawili mpaka mwanasheria akatoa kichwa mlangoni.

Aliyemfungua macho alikuwa kinyozi. Duka lake lilikuwa chini ya usawa wa barabara, unashuka ngazi sita, na dirisha lake lilionyesha miguu ya wapita njia tu. Mita ya maji ilikuwa nyuma ya beseni la kuoshea nywele. Mama Mita alipiga magoti kuisoma, na alipoinua kichwa akaona juu ya rafu, katikati ya chupa za mafuta na taulo, vyungu vitano vilivyostawi. Majani yake yalikuwa marefu, mazito, yamesimama wima kama mapanga, yana michirizi kama ngozi ya nyoka.

"Hawa wanaishije humu?" aliuliza. "Humu hata mimi siwezi kuishi."

Kinyozi alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mpenda sifa, na alikuwa na kichwa cha mteja mkononi. Hakuacha kunyoa.

"Hawa ni mapanga. Wenyewe wanasema wana jina refu, mimi nawaita mapanga. Hawataki mtu. Ukiwapenda wanakufa."

"Unawapa maji lini?"

"Hapo ndipo watu wanapokosea, mama yangu. Lini, lini. Wewe unakunywa maji kwa kalenda?" Alizima mashine ili asikike vizuri. "Hebu nyanyua hicho cha mwisho."

Mama Mita alikinyanyua. Kilikuwa chepesi kama kisanduku kitupu.

"Sasa nyanyua cha pili yake."

Hicho kilikuwa kizito, karibu kumponyoka.

"Cha pili nimekipa jana. Cha mwisho nitakipa wiki ijayo, au ile nyingine, nikikumbuka. Mkono ndio unaokwambia. Kikiwa kizito, achana nacho, hata kama roho inakuuma."

"Roho inakuuma kweli," alisema mteja kutoka chini ya shuka. "Wangu ulikufa hivyo hivyo."

Kinyozi alimchambulia shina moja lenye mzizi wake, akalifunga kwenye gazeti. "Huu ukifa," alisema, "njoo nikunyoe kipara, maana hakutakuwa na kitu kingine kitakachokufaa."

Mama Mita aliupanda ule upanga kwenye chungu chenye tundu, na sahani ya kukinga maji chini yake, akauweka sebuleni karibu na mlango wa chumba cha mama mkwe, mahali penye mwanga wa wastani. Siku ya kwanza aliupa maji. Baada ya hapo akaapa asiuguse ila kwa kuunyanyua.

Siku ya tatu chungu kilikuwa kizito. Sawa, alijiambia, bado mapema. Siku ya saba kilikuwa kizito vile vile. Siku ya kumi alihisi kimeongezeka. Alidhani mkono unamdanganya, akaenda kwenye sanduku la mumewe kuchukua mizani ndogo ambayo mafundi wa friji hupimia mitungi ya gesi. Kilo mbili na robo. Akaandika. Siku mbili baadaye alipima tena: kilo mbili na nusu.

Alikaa sakafuni, chungu katikati ya miguu, akiisoma ile namba kama anavyosoma mita ya nyumba ambayo wenyewe wamesema walisafiri. Mmea haunenepi robo kilo kwa siku mbili. Kikulacho ki nguoni mwako. Lakini hakusema neno. Alitaka kwanza ajue, na kujua kwenyewe kulikuwa kumeshaanza kumnogea.

Ijumaa bomba kubwa lilipasuka kwenye mtaa aliotakiwa kuuzunguka, msimamizi akawaambia wasoma mita warudi nyumbani. Mama Mita alipanda ngazi saa nne asubuhi, saa ambayo hakuwahi kuwa nyumbani siku ya kazi. Aliufungua mlango kwa ufunguo wake. Mama mkwe alikuwa ameinama juu ya upanga, fimbo yake imeegemea ukutani, mkononi ana kile kikombe kilichovunjika mkono ambacho Mama Mita alikuwa amekitafuta mwezi mzima.

Maji yalisikika yakinywewa na udongo.

"Umerudi mapema," mama mkwe alisema.

"Bomba limepasuka, mama." Mama Mita aliweka mfuko chini. "Huwa unaumwagilia kila siku nikiwa kazini?"

Mama mkwe alikitazama kikombe kana kwamba ndicho kilichoulizwa. "Saa nne. Nikishamaliza chai."

"Na ile mingine? Yote saba?"

"Yote." Alinyoosha mgongo kwa shida, akashika kiti. "Nilikuwa nakuona, mwanangu. Unatoka alfajiri, unarudi umechoka, mmea unapewa kikombe kimoja kwa wiki. Nikasema, huyu anasahau, na nikimwambia atadhani mkwewe anamsema. Basi nikawa nakusitiri. Kila ukifa, najiambia sikuupa ya kutosha, unaofuata nitauongeza."

Mama Mita alihisi kicheko kinakuja, na nyuma ya kicheko kitu kingine ambacho hakuwa na jina lake. Aliketi kwenye mkono wa kochi.

"Mama, tumeiua sisi wawili. Mimi nilikuwa nakuletea wewe, na wewe ulikuwa unanisaidia mimi."

"Uwanjani kwangu maji yalikuwa yanakwenda chini," mama mkwe alisema. "Hapa chini kuna sahani."

Alisema hivyo akiangalia ile sahani chini ya chungu, na Mama Mita aliona kuwa si kwamba mama huyu hakujua mimea. Aliijua kuliko wote, ila aliijua ikiwa ardhini.

"Basi nitaacha," mama mkwe aliendelea. "Kama ndivyo, nitaacha. Hata sahani za chakula mnaninyang'anya nikitaka kuosha. Mwanangu anasema, mama, wewe pumzika. Mtu anapumzika akiwa amechoka. Mimi nimechoshwa na nini?"

Jioni fundi aliposimuliwa alicheka sana, kisha akajikuna shingo.

"Nini?" mkewe aliuliza.

"Hapana. Ni kwamba asubuhi nikiacha maji kwenye glasi huwa simwagi sinkini. Namwaga pale chunguni. Lakini mimi ni tone tu."

Wanasema penye wengi hapaharibiki neno. Nyumba ile ilikuwa na watatu tu, na mimea saba ilikuwa imeharibika.

Kinyozi angesema dawa ni kumkataza mama asiiguse. Mama Mita alilifikiria hilo siku mbili na halikumkaa. Kila muuzaji alikuwa amemwambia mmea rahisi ni ule usiohitaji mtu. Lakini nyumbani kwake kulikuwa na mtu, tena mtu aliyekuwa na saa nne yake na kikombe chake. Kwa nyumba kama ile, mmea usiotaka mtu ndio uliokuwa mgumu kuliko yote. Kilichotakiwa ni mmea mlafi wa maji. Je, upo?

Aliyapekua maandishi yake nyuma ya kitabu, hakuuona. Akauliza tena nyumba kwa nyumba: una mmea usioshiba? Watu walidhani anatega kitendawili.

Aliukuta mahali alipopita kila siku kwa miaka kumi na tisa. Nyuma ya karakana ya ofisi yao, pale mita mbovu zinapofunguliwa, kulikuwa na bomba lililokuwa likivuja tangu alipoajiriwa. Watu wa maji hawana muda wa kuziba maji yao wenyewe. Chini ya lile bomba, kwenye dimbwi lisilokauka, ilisimama mimea ya jamii ya mafunjo: mashina membamba ya kijani yasiyo na fundo, na juu ya kila shina majani yametawanyika pande zote kama mbavu za mwavuli. Fundi wa mita alikuwa akiikwatua kila mara kwa sababu ilimnasa miguu.

"Huu unakufaga?" Mama Mita alimuuliza.

"Ungekuwa unakufa ningekuwa nimepumzika," yule alisema. "Chukua wote."

Alichukua fungu moja lenye mashina sita, akalibeba kwenye ndoo. Nyumbani alitafuta beseni lisilo na tundu, akaupanda, akalijaza maji mpaka yakasimama juu ya udongo. Kisha akaenda kumgongea mama mkwe.

"Mama, nimeleta mgeni. Huyu anataka maji kila siku, na mimi siwezi. Nitamwua."

Mama mkwe aliuzunguka mmea kwa fimbo yake. Akashika shina, akalipinda, akaliachia lirudi.

"Unaliwa?"

"Hauliwi."

"Unatoa maua?"

"Vijimaua vya rangi ya udongo, hata huvioni."

"Sasa una nini?"

Mama Mita alifikiri. "Sijui. Unakua tu."

Mama mkwe aligeuka akalitazama dirisha lake. "Uweke dirishani mwangu," alisema. "Si hapo. Sogeza. Hapo."

Upanga ulihamishiwa kwenye korido, mahali ambapo hakuna aliyekaa na hakuna aliyepita na glasi, na huko ulisahauliwa, ukastawi. Mafunjo ya dirishani yalipata kikombe saa nne, yakapata kingine saa tisa, na siku za joto cha tatu. Baada ya miezi miwili mashina yalikuwa kumi na saba. Mama mkwe aliyahesabu kila asubuhi na kumtangazia mwanawe akiwa bado anapiga mswaki.

Siku moja Mama Mita aliona glasi juu ya kizingiti cha dirisha. Ndani yake mlikuwa na kichwa cha shina moja lililovunjika, lakini kimetumbukizwa juu chini: ule mwavuli wa majani umezama majini, na kipande cha shina kinachungulia angani. Alidhani ni macho. Mama mkwe alikuwa na miwani asiyopenda kuivaa. Akanyoosha mkono akigeuze.

"Kiache," alisema mama mkwe kutoka kitandani.

"Mama, umekiweka kichwa chini."

"Najua nilivyokiweka. Lile shina lililovunjika lilining'inia, kichwa kikaangukia kwenye beseni. Nilitaka kukitupa nikaona vinyuzi vyeupe. Sasa nataka kujua kama vilikuwa bahati au ndivyo unavyozaa."

Mama Mita alirudisha mkono. Walisubiri. Asubuhi moja moja alichungulia kabla ya kwenda kazini, na siku nyingine alirudi akiuliza kabla hajavua viatu. Siku ya kumi na mbili, katikati ya majani yaliyozama, vikatokea vinyuzi, na baada ya hapo vichipukizi vidogo, vikali kama sindano za cherehani, vikielekea juu. Wote wawili waliinama mbele ya glasi, vichwa vyao vikikaribia kugusana.

"Nimelima miaka hamsini," mama mkwe alisema. "Sijawahi kuona kitu kinapandwa kichwa chini kikakubali."

"Kwa nini kimekubali?"

"Sijui, mwanangu. Nitajaribu kingine nikipande wima, tuone nacho kitasema nini."

Kilichopandwa wima kilioza. Alijaribu tena na maji ya moto kidogo, akajaribu kwenye kivuli, akajaribu kukata majani yawe mafupi, na hilo la mwisho likatoa mizizi haraka kuliko yote. Glasi za nyumba zikaanza kupungua mezani. Fundi alikunywa maji kwenye kikombe cha bati na hakulalamika, maana mama yake alikuwa sasa anaosha glasi zake mwenyewe, na hakuna aliyethubutu kumnyang'anya.

Maji nayo yalianza kudondoka kutoka dirishani hadi kwa jirani wa chini. Alasiri moja muuguzi wa ghorofa ya pili alipanda kugonga, bado ana sare yake, shuka lenye madoa ya tope mkononi. Mama Mita ndiye aliyefungua, akaanza kuomba radhi kabla hajaulizwa. Lakini macho ya muuguzi yalikuwa yamempita begani, yakatua kwenye safu ya glasi dirishani, mlango wa chumba ukiwa wazi.

"Hivyo ni nini?"

"Ingia uone," alisema mama mkwe.

Muuguzi aliingia, akatazama, akauliza, akasahau shuka kwenye kiti. Alisema kwake hakuna hata jani. Anafanya kazi kwa zamu, wakati mwingine siku mbili harudi. Akaomba kimoja cha vile vya kichwa chini.

"Hiki sikupi," mama mkwe alisema.

Mama Mita alitaka kuingilia, aibu imemshika, lakini mama mkwe alikuwa ameshachukua fimbo.

"Mchana nani anabaki kwako?"

"Hakuna, mama."

"Na dirisha lako linaelekea wapi?"

"Kama hili, chini yake."

"Basi hiki kwako kitakufa kiu, wewe uko kazini unapigania watu. Kuna kingine koridoni, hakitaki mtu. Lakini sikitoi kabla sijaona chumba chako." Akavaa miwani yake. Tangu aletwe na mwanawe hakuwahi kushuka zile ngazi ila kwa kwenda kliniki, na huko alibebwa nusu. Sasa aliweka mkono mmoja kwenye bega la muuguzi, fimbo kwenye mkono wa pili, na wakashuka kidaraja kidaraja, Mama Mita akitangulia mbele kinyumenyume, mikono amenyoosha, chungu cha upanga kimeachwa juu.

Chumba cha muuguzi kilikuwa nadhifu, kitanda kimetandikwa, taa inawaka mchana. Mama mkwe alisimama katikati akageuka taratibu, akitazama kona moja baada ya nyingine. Akaomba pazia lisogezwe. Halafu akaomba taa izimwe.

Muuguzi aliizima. Yeye na Mama Mita wakasimama katika mwanga hafifu uliobaki, wakimsubiri. Mama mkwe alinyoosha kiganja chake mbele ya dirisha, akakisogeza nyuma hatua moja, hatua mbili, akiangalia kivuli chake kwenye ukuta kinavyofifia.

"Mwanga mwisho wake hapa," alisema. "Leta kiti kidogo, tuweke chungu hapa."